Wiki moja barabarani kwenye vyuo vya weusi, Howard mpaka Nashville

Jumamosi, Washington

Tumeanza na Howard manake ndio ya karibu, sisi tunakaa Maryland na ukiondoka mapema unafika kabla barabara hazijajaa. Niko na binti wa kaka yangu, amebakisha mwaka mmoja amalize sekondari, shule zimefunga wiki hii, nikaona badala ya kushinda ndani na simu twende tukavione vyuo kwa macho kabla hajaanza kujaza fomu. Na nimemwambia mapema kabisa safari hii ni ya vyuo vya watu weusi tu, vile wenyewe wanaviita HBCU. Viko kama mia moja hivi, vyote vilianzishwa kabla ya 1964, enzi ambayo mtoto mweusi sehemu kubwa ya nchi hii hakuwa na pengine pa kusomea. Sisi Wakenya wa huku wengi hatuvitaji kabisa, mtu anataka jina ambalo akilisema kwenye simu kila mtu kule Changamwe analijua, ukisema Hampton au Fisk wanakuuliza ndio wapi huko. Inaniuma, na ndio sababu naandika kila jioni tukifika hoteli.

Howard ilifunguliwa 1867, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeisha miaka miwili tu nyuma. Katikati kuna uwanja wa nyasi wanauita Yard na maktaba ya Founders yenye mnara wa saa. Msichana aliyetutembeza ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, anaongea haraka kama mtangazaji, binti yangu akamganda maswali ya hosteli na chakula. Mimi kichwa changu kilikua kwa mawakili.

Iko hivi. Miaka ya 1930 mkuu wa shule ya sheria ya Howard alikua Charles Hamilton Houston, akaichukua shule iliyokua ya masomo ya jioni akaifanya karakana ya kutengeneza mawakili wa kuubomoa ubaguzi kesi moja baada ya nyingine. Mwanafunzi wake mmoja ni Thurgood Marshall, mtoto wa Baltimore. Shule ya sheria ya University of Maryland ilikua haichukui weusi, yaani mtoto wa Maryland hana nafasi Maryland, ikabidi awe anapanda treni kwenda Howard na kurudi. Akamaliza 1933. Na 1935 yeye na mwalimu wake Houston wakaipeleka mahakamani shule hio hio ya Maryland kwa niaba ya kijana mwingine mweusi, Donald Murray, wakashinda. 1954 akashinda ile kesi kubwa ya Brown iliyovunja ubaguzi wa shule nchi nzima, na 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu.

Sasa Mkenya hapa ndio akae vizuri. Mwaka 1960, mkutano wa katiba wa Lancaster House kule London, huyo huyo Marshall alikuja kuwa mshauri wa wajumbe wetu Waafrika, Tom Mboya ndiye aliyemuita, akaandika rasimu ya haki za raia kwa ajili ya Kenya. Chuo ambacho hatukijui kilimfundisha mtu aliyekaa mezani tunadai uhuru. Nilimueleza binti yangu tukiwa tumekaa kwenye nyasi akaniambia shangazi hii ilipaswa iwe kwenye kitabu cha historia, nikamwambia ndio, na ndio uisome wewe uiandike.

Jumapili, Hampton

Tumeshuka Virginia mpaka baharini. Hewa ya Hampton ina chumvi, nilifungua dirisha nikawa nimefika Mombasa kwa dakika kadhaa.

Karibu na lango la chuo kuna mwaloni mkubwa una uzio, wanauita Emancipation Oak. Matawi yake hayaendi juu, yanatambaa kwa ubavu, mengine yanainama karibu yaguse ardhi, kivuli chake kingeweza kukaa watu wa harusi nzima. Mwaka 1861 watumwa watatu walitoroka wakavuka usiku kwenda ngome ya Monroe iliyokua mikononi mwa jeshi la kaskazini, jenerali wa pale akakataa kuwarudisha kwa mwenyewe, habari zikaenea na watu wakamiminika kwa mamia. Mwanamke mmoja mweusi huru, Mary Peake, akaanza kuwafundisha kusoma. Sheria ya Virginia tangu 1831 ilikua inakataza kuwakusanya weusi kuwafundisha kusoma, na yeye alishawahi kufanya kwa kujificha, sasa akafundisha hadharani chini ya mti huu. 1863 pia hapa ndio watu walikusanyika kusomewa tangazo la Lincoln la kufuta utumwa. Nimesimama pale muda mrefu, nimegusa uzio tu manake mti wenyewe hauruhusiwi, na nimemuona mzee mmoja mweusi amevua kofia.

Chuo kikafuata 1868. Jengo la Virginia Hall pesa zake nyingi wanafunzi walizitafuta kwa kuimba, wanazunguka miji ya kaskazini na kwaya wanachangisha. Mkenya haitaji kuelezwa zaidi, hii ni harambee. Shule zetu ngapi zilisimama hivyo hivyo, wazazi wanaleta mbuzi, mwingine gunia la mahindi, mnada unafanywa kanisani, serikali inakuja baadaye kuweka bango.

1872 akaingia hapa kijana Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa, alisafiri maili kama 500 sehemu nyingine kwa miguu, na mtihani wake wa kuingia ulikua kupewa ufagio afagie chumba. Alifagia mara tatu, akapangusa vumbi mara nne. Mwalimu akapitisha kitambaa chake kwenye mbao, hakupata kitu, akamchukua.

Na sasa Mkenya, huyu ni wetu kabisa: Mbiyu Koinange. Alikuja Hampton mwishoni mwa miaka ya 1920, akaendelea na vyuo vingine, akarudi nyumbani, na 1939 akafungua chuo cha walimu Githunguri, chuo kilichojengwa kwa michango ya watu wenyewe bila kumuomba mkoloni ruhusa ya kufikiri. Mkoloni alikifunga 1952. Kuna upande wa pili pia lazima niuseme. Ile elimu ya mikono ya Hampton na chuo cha Tuskegee, kusoma huku unajifunza ufundi na kilimo, wakoloni waliipenda kwa sababu zao. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki kupendekeza elimu ya aina hio kwa Waafrika, na ndani yake alikuwemo mwafrika mmoja tu, Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo), mwenyewe amesoma Livingstone College, chuo cha weusi kule North Carolina. Kwa wakoloni ilikua njia ya kusema mwafrika atosheke na jembe na randa. Lakini angalia Koinange alichotoka nacho. Aliona watu weusi wanaendesha chuo chao, akaenda akajenga chake.

Jumatatu, Greensboro

Mvua njia nzima. Tumefika saa nane mchana tumechoka, tukala kuku wa kukaanga na maharage kwa mama mmoja karibu na chuo, alipojua binti anatafuta chuo akatuongezea bila malipo.

North Carolina A&T ndio kubwa kuliko vyote hivi kwa wanafunzi, sasa wamepita elfu 14, na wahandisi weusi wa nchi hii wengi wanatoka hapa kuliko chuo kingine chochote. Ronald McNair, yule mwanaanga aliyekufa kwenye chombo cha anga cha Challenger 1986, alisoma fizikia hapa. Mbele kuna sanamu ya vijana wanne wanatembea bega kwa bega, makoti, mmoja na miwani. Walikua mwaka wa kwanza, yaani watoto wa miaka 17 mpaka 19. Tarehe 1 Februari 1960 waliingia duka la Woolworth mjini, wakanunua vitu vidogo vidogo wakapewa risiti, alafu wakakaa kwenye kaunta ya chakula ambayo ni ya wazungu tu wakaagiza kahawa. Wakanyimwa. Hawakuondoka mpaka duka limefungwa. Kesho yake wakaja wengi zaidi, na wasichana wa Bennett, chuo cha wanawake hapo hapo jirani, wakaingia pia, na ndani ya wiki chache moto umeshika miji mingi ya kusini. Julai kaunta ikafunguliwa kwa wote. Kaunta yenyewe na viti vyake bado viko pale pale, jengo limekua makumbusho.

Binti yangu aliwaangalia wale wanne akauliza walijuaje kwamba hawatakua peke yao kesho. Sijui jibu ila nadhani hosteli ndio jibu. Walipanga usiku vyumbani, wanaishi jengo moja, wanakula pamoja. Mtu mweusi mmoja kwenye chuo cha watu elfu ishirini hawezi kupanga kitu kama hicho, atapanga na nani.

Tulipita Bennett jioni. Hicho chuo 2019 karibu kianguke, kilikua kwenye hatari ya kupoteza ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kama chuo, kwa ajili ya pesa, wakatangaza wanahitaji dola milioni 5 kwa miezi miwili, watu wakachanga zaidi ya milioni 8. Na bado ithibati ile walivuliwa. Kampasi ni ya matofali mekundu, miti mizuri, kimya. Nilitamani ningekua na pesa.

Jumanne, Atlanta

Hapa vyuo vimeshikana, unatoka Spelman unavuka barabara uko Morehouse, unavuka tena uko Clark Atlanta. Wasichana wa Spelman wanatembea kama watu wenye nyumba yao, na binti yangu alibadilika kabisa, akanyoosha mgongo, akaacha kunishika mkoba. Spelman ilianza 1881 chini ya kanisa la Friendship Baptist, kwenye chumba cha chini, wanafunzi 11, wengi wanawake waliotoka utumwani. Morehouse ndio ya Martin Luther King, alimaliza 1948. Siongezi, hivi viwili vina watu wengi wa kuvisemea na siku hizi vinapata pesa nzuri: Spelman 2024 ilipewa dola milioni 100 na familia moja.

Mimi niliomba twende Morris Brown. Ni hapo hapo karibu, ila watalii hawafiki. Hiki kilianzishwa 1881 na waumini weusi wa AME, kanisa la Kimethodisti la weusi, kwa pesa za weusi wenyewe, hakuna tajiri wa kaskazini nyuma yake. 2002 kilipoteza ithibati, na huku ukipoteza ithibati wanafunzi wako hawapati misaada na mikopo ya serikali, manake mtoto wa maskini hawezi kuja hata akitaka, kwa hio kutoka wanafunzi zaidi ya elfu mbili wakabaki makumi. Miaka ishirini. Majengo mengine yamebaki magofu, madirisha mbao tu. Na hawakufunga! 2022 wakarudishiwa ithibati. Mlinzi wa pale, baba mtu mzima, alipotuuliza tumetoka wapi nikasema Kenya, akasema waambie bado tuko. Nimekuambieni.

Jumatano, Tuskegee

Ukiingia Alabama saa inarudi nyuma, tukapata lisaa la bure. Mji ni mdogo, maduka mengi yamefungwa, alafu ghafla kampasi inatokea na majengo ya matofali mpaka unashangaa.

Tofali lenyewe ndio hadithi. 1881 jimbo lilitoa dola 2,000 kwa mwaka, za mishahara ya walimu tu. Ardhi hakuna, jengo hakuna. Na hizo zenyewe zilipatikana kwa sababu Lewis Adams, fundi bati aliyekua mtumwa, alielewana na mwanasiasa mmoja mzungu: kura za weusi kwako, shule kwetu. Booker T. Washington akaja kutoka Hampton, akaanza na wanafunzi 30 kwenye banda linalovuja, alafu akanunua shamba lililoachwa kwa dola 500, za kuanzia akazikopa. Wakaamua kufyatua matofali wenyewe. Tanuru la kwanza likaharibika, la pili likaharibika, la tatu likaanguka karibu na kuiva. Pesa zimeisha. Akaweka saa yake rehani kwa dola 15, la nne likakubali. Baada ya hapo wazungu wa mji wakawa wanakuja kununua matofali kwao. Ukipitisha mkono kwenye ukuta wa majengo ya zamani tofali hazilingani, moja limeungua zaidi, jingine lina alama kama ya kidole, binti yangu alipiga picha ile alama mara nyingi mpaka simu ikalalamika. Mchoraji wa majengo mengi ni Robert Taylor, mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha teknolojia cha MIT.

Makumbusho ya George Washington Carver, mwanasayansi wa kilimo aliyefundisha hapa, yanafungua macho. Watu wanamjua kwa karanga tu. Mimi kilichonigusa ni mkokoteni. 1906 waliunda gari la kukokotwa na nyumbu, ndani kuna jembe, mbegu, mashine ya maziwa, wakaanza kuwafuata wakulima weusi huko huko mashambani, manake mkulima aliyepanga shamba la mzungu hana siku ya kuja chuoni. Aliyekua analiendesha, Thomas Campbell, ndiye bwana shamba wa kwanza mweusi wa serikali ya Marekani. Babu yangu Kaloleni alikua na minazi na bwana shamba alikua akija na baiskeli, sikuwahi kufikiri kazi hio ina historia ya namna hii huku.

Jina la Tuskegee wengine wanalijua kwa ule uovu wa kaswende, serikali ya Marekani 1932 mpaka 1972 iliwaacha wanaume weusi wa wilaya hii bila matibabu ili iangalie ugonjwa unavyokwenda. Ni kweli na hospitali ya chuo ilihusishwa, lazima isemwe. Leo hapo hapo chuoni kuna kituo cha taifa cha maadili ya utafiti na tiba. Hawakulificha, wanalifundisha.

Washington na Carver wamezikwa karibu na kanisa la chuo. Tumesoma fatiha zetu kimya kimya tukaondoka.

Alhamisi, Nashville

Hapa kaka yangu alipiga simu, amekua akifuatilia picha zetu wiki nzima na leo ameamua kusema. Yaani dada mnazunguka vyuo maskini wakati kuna vyuo vikubwa vya serikali vina kila kitu, kwa nini umpeleke mtoto penye shida? Nilikua nimekaa nje ya Jubilee Hall ya Fisk, nikamwambia kaka ngoja nikueleze hilo jengo nyuma yangu.

Fisk ilifunguliwa 1866. Inasimuliwa kwamba mwanzoni kabisa waliokota minyororo na pingu zenye kutu kutoka kwenye mazizi ya kuuzia watumwa hapa mjini, wakaiuza kama chuma chakavu wanunue vitabu vya kusomea. 1871 pesa zimekwisha, mhazini wa chuo akachukua wanafunzi tisa waimbaji wakaondoka tarehe 6 Oktoba kutafuta. Walalahoi wenyewe, lakini walipofika Cincinnati, pesa walizopata, hazikufika dola 50, walizitoa zote kwa waathirika wa moto wa Chicago. 1873 waliimba mbele ya Malkia Victoria. Jengo lilizinduliwa 1876, ghorofa zima limesimama juu ya sauti za watoto wa watumwa. Du Bois, yule msomi mpigania haki za weusi, alisoma hapa, na John Lewis, mpigania haki aliyekuja kuwa mbunge, pia. Ng'ambo ya barabara ni Meharry, chuo cha udaktari, Hastings Banda wa Malawi alihitimu udaktari pale 1937.

Alafu nikamwambia kuhusu umaskini wenyewe. Mjini hapa hapa kuna Tennessee State, chuo cha serikali cha weusi, ndiko alikotoka Wilma Rudolph aliyechukua dhahabu tatu Roma 1960. Mwaka 1890 serikali kuu ilisema jimbo likitaka pesa za vyuo vya kilimo ama liwakubali weusi ama liwatengenezee chuo chao na ligawe kwa haki. Majimbo ya kusini yakatengeneza, hayakugawa kwa haki. Mpaka juzi juzi utaratibu ni huu: dola ya serikali kuu inatakiwa ilinganishwe na dola ya jimbo, chuo cha wazungu kinapewa yake na zaidi, cha weusi jimbo linaomba lisamehewe, na serikali inakubali. Septemba 2023 mawaziri wawili wa Marekani, wa elimu na wa kilimo, waliwaandikia magavana 16 wakiwaonyesha hesabu ya tangu 1987 mpaka 2020, jumla zaidi ya dola bilioni 12 hazikutolewa. Tennessee State peke yake bilioni 2.1. A&T ya Greensboro zaidi kidogo ya bilioni 2. Majimbo mawili tu yalionekana yametenda haki, Delaware na Ohio. Na kule kwetu Maryland, kesi ya vyuo vinne vya weusi ilikaa mahakamani tangu 2006, ikafika 2021 ndio jimbo likakubali kulipa milioni 577 kwa miaka kumi.

Kaka akanyamaza kidogo, akasema kumbe wameporwa. Nikamwambia wameporwa, na bado wanachukua watoto ambao zaidi ya nusu familia zao ni za kipato cha chini mpaka serikali inawapa msaada wa ada, na wanawatoa madaktari na wahandisi. Harvard ina akiba ya zaidi ya dola bilioni 50, akiba za vyuo hivi vyote mia ukizijumlisha haifiki hata robo ya hizo. Mwaka 2020 tajiri MacKenzie Scott alipoanza kugawa mamilioni, A&T milioni 45, Hampton 30, Tuskegee 20, kwa vyuo kadhaa ilikua zawadi kubwa kuliko zote tangu vianzishwe. Zaidi ya miaka mia moja! Shida ya vyuo hivi haitokani na kazi yao.

Ndio akauliza swali la baba: ada ngapi. Tulikaa na karatasi mpaka kahawa ikapoa.

Ijumaa, njiani kurudi

Saa kumi za kuendesha, milima ya Tennessee alafu Virginia ndefu haiishi. Binti alilala mpaka Knoxville, alipoamka akafungua kompyuta akaanza fomu za kuomba nafasi vyuoni. A&T ameiweka ya kwanza, anataka uhandisi, Spelman ya pili, na Tuskegee akaiongeza mwenyewe sikumwambia. Insha yake anataka kuandika juu ya tanuru la nne.

Mimi nimejiandikisha kutoa kila mwezi kwa UNCF, mfuko ulioanzishwa 1944 na Frederick Patterson aliyekua mkuu wa Tuskegee, vyuo 27 vya binafsi viliungana badala ya kila kimoja kuomba peke yake. Kiasi changu ni kidogo, ila chama chetu cha kina mama wa Pwani hapa Maryland tunakutana mwezi ujao na nimeshaandika kwenye grupu kwamba nataka dakika kumi kwenye ajenda. Katibu ameuliza tunachangia mazishi, harusi, sasa na vyuo? Nimemjibu ndio, na kila mwenye uraia na kura pia namtaka, manake zile milioni 577 bunge la jimbo letu lazima lizitoe kila mwaka mpaka ziishe, na mtu wa kuwauliza wabunge kama zimetoka anaweza kuwa sisi.